UZI: Kampuni ina deni kwa jamii, ama kazi yake ni faida tu?

1/ Kila msimu wa siasa hoja hii hurudi. Mmoja anasema kampuni "zirudishe kwa jamii". Mwingine anamjibu ati biashara si kanisa, kazi yake ni kuwatafutia wenye hisa pesa. Mimi nasoma sayansi ya siasa, na naona pande zote mbili huruka historia. Twende polepole.

2/ Marekani, 1919. Henry Ford ana faida kubwa, anataka kupunguza bei ya magari na kupanua kiwanda badala ya kulipa gawio maalum. Ndugu wawili wa Dodge, wenye hisa kwake na tayari wanaunda magari yao, wakamshtaki. Mahakama ya Juu ya Michigan ikasema kampuni huendeshwa hasa kwa faida ya wenye hisa. Ford akaamriwa alipe.

3/ Nusu ya pili watu huisahau: mahakama hiyo hiyo ilikataa kumzuia kupanua kiwanda. Majaji walisema wao si wataalamu wa biashara.

4/ 1970, mwanauchumi Milton Friedman aliandika kwa jarida la New York Times kwamba wajibu wa biashara ni kuongeza faida. Hoja yake si ya kipuzi: meneja anayegawa pesa za kampuni anagawa pesa za wengine, na hakuna aliyempigia kura. Lakini aliweka sharti: sheria zifuatwe, na kusiwe na udanganyifu.

5/ Sasa turudi nyumbani. Sharti hilo lina maana gani kama sheria ipo na hakuna anayeisimamia? Owino Uhuru, Mombasa. 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi (ile metali) kilianza kazi kando ya makazi ya watu. Moshi na maji machafu yakawafikia. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi hapo. Mtoto wake akapatikana na sumu ya risasi mwilini. Watoto wengine walipopimwa, nao wakapatikana nayo.

6/ Kiwanda kilifungwa 2014. Kesi ikaanza 2016. 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, lawama ikagawanywa kati ya wawekezaji na taasisi za serikali. 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifunguliwa alikuwa ameshafika miaka 17.

7/ Kwa vitabu vya kiwanda, risasi iliyouzwa ni mapato. Damu ya watoto haikuandikwa popote kama gharama. Hiyo "faida" sehemu yake ililipwa na majirani.

8/ Sheria tunazo. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya Kampuni ya 2015, kifungu cha 143, inamtaka mkurugenzi azingatie wafanyakazi, jamii na mazingira. Shida ni kwamba jukumu hilo la mkurugenzi ni kwa kampuni yake. Jirani wa kiwanda hawezi kulidai moja kwa moja.

9/ Kuna atakayesema ukibana sana, wawekezaji watahama na kazi zao. Hofu hiyo ni ya kweli, watu wanatafuta kazi. Ila kumbukeni Omido pia aliajiriwa hapo.

10/ Msimamo wangu: tutenganishe zawadi na deni. Kisima, madawati, ile cheki kubwa ya kupigia picha ni zawadi. Kampuni ikitoa, tuseme asante. Isipotoa, haijamwibia mtu. Lakini kulipa mishahara na ushuru, na kutotia watu sumu, ni deni, na hulipwa kabla ya gawio. Kwa hivyo mgombea akija kwenu akisifu mwekezaji aliyejenga darasa, muulizeni: maji machafu ya kiwanda yanaenda wapi, na nani huyapima?