Alibhai Mulla Jeevanjee

Alibhai Mulla Jeevanjee (1856–1936) alikuwa mfanyabiashara na mwanasiasa wa Kenya mwenye asili ya Karachi, wakati huo sehemu ya Uhindi ya Waingereza. Alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Bohora.

Alifika Mombasa katika miaka ya 1890. Utajiri wake ulitokana hasa na Reli ya Uganda, kwani kampuni yake iliwaleta vibarua kutoka Uhindi na kuwapatia chakula. Baadaye alijenga majengo na soko Nairobi, mji uliokuwa ukichipuka kwenye kinamasi. Mwaka 1902 alianzisha gazeti la African Standard mjini Mombasa, akaliuza kwa Waingereza mwaka 1905. Ndilo The Standard la leo. Ajabu ni kwamba gazeti hilo likaja kuwa sauti ya walowezi wa Kizungu, wapinzani wake wakubwa.

Serikali ya kikoloni ilimteua katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa mjumbe wa kwanza asiye Mzungu. Humo alikuwa peke yake, na hoja zake hazikupata uzito. Alipinga nyanda za juu za Kenya kutengwa kwa ajili ya Wazungu pekee, na mwaka 1914 alishiriki kuasisi chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki, East African Indian National Congress. Madai yake yaliwahusu zaidi Wahindi wenzake.

Bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi, aliitoa kwa umma mwaka 1906. Mpango wa mwaka 1991 wa kujenga jengo humo ulizuiwa na wananchi, mjukuu wake Zarina Patel akiwa mstari wa mbele.