Linux: miaka 21 ya kutenga mambo ya ndani na ahadi za inje

Watu wengi wanasema Linux ilishinda juu ni ya bure. Sikatai, lakini vitu vya bure vilivyokufa ni vingi. Kwa maoni yangu, kilichoisaidia kuishi ni kazi moja ambayo haina sifa: kujua kitu gani ni cha ndani na kitu gani kimeahidiwa kwa watu wa inje. Na kazi hiyo haikufanywa siku ya kwanza.

Kwanza tuelewane. Kiini, kile Wafaransa wanaita noyau, ni ile programu inayosimama kati ya programu zetu na vyuma vya mashini: memori, diski, rezo. Programu haigusi diski yenyewe, inaomba kiini, na inaomba kwa namba. Ku Linux ya biti 32 ya mashini za Intel, kuandika ndani ya faili ni mwito namba 4. Hizo namba, pamoja na umbo la data zinazoenda nazo, njo mkataba. Namna kiini kinapanga vitu vyake chenyewe haimuhusu mtu wa inje.

Haimuhusu, lakini mtu wa inje anapenda kuchungulia. Ku Unix ya BSD, programu ps, inayoonyesha kazi gani zinatembea ndani ya mashini, haikuwa inaomba. Ilikuwa inafungua faili ya kiini, /vmunix, inatafuta anwani za vitu ndani yake, kisha inasoma memori ya kiini moja kwa moja kupitia /dev/kmem. Ilifanya kazi vizuri sana mpaka siku mtu alibadilisha umbo la meza ya ndani. Hapo ps ilianza kusema uongo ao kukataa, na lazima uikompili upya. Mwaka 1984, Tom Killian wa Bell Labs alionyesha njia ingine: /proc, ambako kila kazi inaonekana kama faili, na kiini chenyewe njo kinachagua cha kuonyesha.

Sisi wa agronomia tunaelewa haraka. Mkulima anapewa jina la mbegu na siku za kuvuna, hapewi namba za ploti za stasheni. Akizoea kufuata namba za ploti, siku tunapanga ploti upya anapotea.

Linus Torvalds alitoa Linux ya kwanza mwaka 1991, akiwa mwanafunzi kule Helsinki. Karibu kila kitu kilikuwa mahali pamoja. Faili za vichwa, yaani zile zinazoandika majina, namba na maumbo ya data, zilikuwa zinatumiwa na kiini na programu za kawaida pamoja. Ndani ya /usr/include, majina linux na asm yalikuwa viungo tu vinavyopeleka ku kodi ya kiini iliyo ndani ya mashini yako. Matokeo: unabadilisha kiini, na kesho programu ambayo haikuguswa inakataa kukompili. Mwaka 2000 Torvalds mwenyewe aliandika wazi kwamba viungo vile ni makosa: faili zile zinapaswa kuwa zile ambazo maktaba ya C ilikompiliwa nazo, hata kama kiini kimebadilika mara kumi.

Ona sasa faida ya mkataba. Zamani namba ya mtumiaji ilikaa ndani ya biti 16, kwa hiyo hesabu yote ilikuwa 65.536. Kwa kompani ao chuo kikubwa haitoshi. Linux 2.4, mwezi wa kwanza 2001, ilipanua mpaka biti 32. Ndani waligeuza kila kitu. Lakini miito ya zamani iliachwa palepale na namba zake, mipya ikaongezwa pembeni. Programu ya zamani ikiuliza namba isiyoingia ndani ya biti 16, inajibiwa 65534. Si jibu la kweli kabisa, lakini programu haifi. Mimi naona hiyo ni heshima.

Faili za vichwa zenyewe zilibaki mchanganyiko muda mrefu. Faili moja, kipande cha wote na kipande cha ndani, vikitengwa na alama __KERNEL__. Mwaka 2006, toleo 2.6.18 lilileta amri headers_install: inakata vipande vya ndani na kutoa faili safi kwa watu wa inje. Ilikuwa kama kuchuja mchele kila siku pahali pa kuacha mawe shambani. Mwishoni David Howells alitenga zote: mambo ya wote yakahamia ndani ya folda iitwayo uapi. Kazi ile ilitoka na toleo 3.7, mwezi wa 12, 2012. Miaka 21 tangu mwanzo. Tangu hapo, mtu akigusa uapi, kila anayesoma badiliko anajua kwamba anagusa ahadi.

Mwezi uleule, badiliko dogo la namba ya kosa ndani ya sehemu ya media liliharibu programu za sauti. Aliyehusika alisema shida ni ya programu. Torvalds alimkaripia vikali, na maneno yake si ya kuiga, lakini kanuni alikuwa nayo: kama badiliko la kiini linavunja programu, kosa ni la kiini.

Bon, upande wa ndani hauna ahadi hiyo, na kuna wanaolipa. Dereva zinazokaa inje ya kodi ya Linux zinashika mambo ya ndani, kwa hiyo kiini kikibadilika zinavunjika. Telefoni za Android ziliumia hapo: dereva za watengenezaji zilifungwa ku kiini kimoja cha zamani, na kuleta toleo jipya ikawa kazi ya gharama. Telefoni nyingi tunazonunua hapa kwetu ziliachwa hivyo, mzima kabisa lakini bila marekebisho ya usalama. Google ilianza kutenga sehemu ya mtengenezaji na Android yenyewe mwaka 2017, na toleo 8. Na /dev/kmem, ule mulango wa kuchungulia? Linux iliufuta mwaka 2021, ndani ya toleo 5.13.