Kamba ya Makumbi katika Vyombo vya Unguja

Katika Kiswahili neno chombo lina maana pana: ni sufuria ya jikoni, ni kifaa cha fundi, na ni jahazi lipitalo baharini. Kwa hiyo apendaye kujua tarehe ya ufundi wa Unguja hana budi kukitazama chombo cha bahari kama zana yenye viungo, na kuuliza kila kiungo kimetoka wapi. Habari za mbao na misumari zimeandikwa mara nyingi. Za kamba ni chache.

Periplus ya Bahari ya Erythraea, kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, chataja vyombo vidogo vya kushonwa katika pwani hii, na chasema kwamba mji wa Rhapta ulipata jina lake kwavyo. Ufundi huo ulidumu karne nyingi. Mtepe, uliokuwa ukiundwa hasa pande za Lamu na kufika Unguja, haukuwa na msumari wa chuma. Mbao zake zilishikwa kwa vigingi vya mti na kushonwa kwa kamba ya makumbi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Kamba hiyo haiozi upesi katika maji ya chumvi. Na kwa kuwa mshono hunyumbuka, ubavu wa chombo uliweza kulegea kidogo ulipogusa mwamba, pasipo kupasuka.

Msumari ulipoenea, nyuzi za mimea hazikuondoka. Jahazi la misumari lilipandisha foromali kwa henza na kuongoza tanga kwa demani. Na mafundi wa Nungwi huziba nyufa za mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta, kazi iitwayo kalafati.

Waundaji walikuwa wanaume. Lakini kamba ilianzia mikononi mwa wanawake wa pwani ya mashariki, Jambiani na Bwejuu mathalani. Walifukia makumbi mahali pafikwapo na maji ya bahari, wakayaacha miezi kadhaa yalainike, kisha wakayafukua, wakayaponda, wakayaosha, wakayaanika na kuyasokota. Kiswahili kimeihifadhi kazi hii kwa maneno mawili: makumbi ni maganda ya nazi yenye nyuzi, na usumba ni nyuzi zilizokwisha safishwa.

Kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza pwani hiyo mwaka 1989, wanawake waliingia tena katika maji yale yale, safari hii wakifunga mwani kwa kamba za plastiki. Mtepe wa mfano uliundwa mwaka 2003 katika Beit al-Ajaib, Mji Mkongwe, jengo la mwaka 1883 ambalo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Jengo hutengenezwa upya kwa mawe na chokaa. Maneno ya kufukia, kuponda na kusokota hayana budi kukusanywa kwa wanawake wayajuao, wangali wapo.