Ramani na Wenye Milima

Mto Elila unatoka katika milima ya Itombwe, unapita katika pori kubwa, unaingia Lualaba si mbali na Kindu yetu. Ramani ya zamani inatuonyesha urefu wa milima ile na njia za mito. Lakini haituambii kila mlima ni wa ukoo gani.

Mwaka wa 2006 serikali ilitangaza Itombwe kuwa hifadhi, pasipo kuwauliza wenyeji. Ndipo wanavijiji wakachora ramani zao, wazee wakitaja majina ya mahali. Mipaka iliwekwa mwaka wa 2016, baada ya mashauri mengi.

Basi, tukifungua ramani, tusihesabu meta tu. Tuulize vile vile: ni nani wanaoishi pale?