Kumiliki na Kumaliza: Hali Timilifu na Kirejeshi Kinachodondoshwa katika Kusoma Maandishi ya Ngong

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kenya hufundishwa mapema kwamba kiambishi -me- cha Kiswahili ndicho hali timilifu ya Kiingereza. Hufundishwa pia kwamba Kiingereza, tofauti na Kiswahili, huruhusu kirejeshi kuachwa. Kanuni hizi mbili huchukuliwa kuwa mambo madogo ya sarufi, yasiyomhusu mhakiki wa fasihi. Makala haya yanadai kinyume. Kila moja ya kanuni hizo ina historia yake, na historia hizo hukutana pale mhakiki anapolisoma kwa Kiswahili andiko la Kiingereza linalohusu umiliki wa ardhi. Andiko linalochunguzwa ni Out of Africa (1937) la Karen Blixen, linalohusu shamba la kahawa lililokuwa chini ya vilima vya Ngong.

2.0 Chimbuko mbili za utimilifu

Hali timilifu ya Kiingereza ilichipuka katika kitenzi cha kumiliki. Hapo kale kitenzi «have» kilifuatwa na yambwa, kisha na umbo la kitenzi lililofanya kazi ya sifa: mtu alikuwa na barua, nayo barua ilikuwa imeandikwa. Mpangilio wa maneno ulibadilika kwa karne nyingi, umiliki ukafifia, na kitenzi kikabaki kuwa alama ya wakati. Vitenzi vya mwendo viliendelea kwa muda mrefu kuchukua kitenzi «be», kama Kidenishi, lugha ya kwanza ya Blixen, kinavyofanya hadi leo. Hata hivyo, njia kuu ilikuwa ile ya kumiliki: tendo lililopita likawa kama mali iliyo mkononi mwa mtendaji sasa.

Kiswahili kilipitia njia nyingine. Kiambishi -me- kwa kawaida huhusishwa na kitenzi cha kale cha Kibantu chenye maana ya kumaliza. Tendo hapa halimilikiwi. Limekwisha, na linaacha hali nyuma yake. Ndiyo maana «amelala», «amesimama» na «amevaa» hueleza mtu alivyo wakati wa kusema. Wala Kiswahili hakina kitenzi halisi kinacholingana na «have». Mtu huwa «na» kitu: ana shamba kama alivyo na mgeni, na njaa, na jirani.

Tofauti hii huonekana katika Kiingereza cha kila siku nchini Kenya. Mwanafunzi huandika «He has slept» kumhusu mtu ambaye bado yumo kitandani, au «I have seen him yesterday», kwa kuwa «nimemwona jana» haimkeri msikilizaji wa Kiswahili. Wino mwekundu wa mwalimu huliita jambo hili kosa. Mwanahistoria wa lugha ataliona kuwa mgongano wa chimbuko mbili.

3.0 Kiungo kinachonyamazishwa

Kudondosha kirejeshi ni desturi kongwe katika Kiingereza. Wanasarufi wa karne ya 18 waliipinga. Robert Lowth, katika sarufi yake ya mwaka 1762, aliikosoa, naye Lindley Murray akafuata mkondo huo katika sarufi yake ya mwaka 1795, iliyotumiwa shuleni kwa vizazi kadhaa. Usemi wa kawaida haukuwasikiliza. Leo Kiingereza sanifu hukataa udondoshaji kirejeshi kinapokuwa kiima cha kishazi, lakini huukubali kwa urahisi kinapokuwa yambwa. Kidenishi nacho huruhusu hivyo, kwa hiyo Blixen hakuhitaji kujifunza tabia hiyo upya alipoandika kwa Kiingereza.

Tuchukue kirai «the farm she bought». Kati ya shamba na mnunuzi hakuna neno lolote. Vitu viwili vimewekwa bega kwa bega, na msomaji huunganisha mwenyewe. Kiswahili hakina njia hiyo. Katika «shamba alilolinunua», shamba limetajwa tena mara mbili ndani ya kitenzi: kwa kirejeshi -lo- na kwa kiambishi cha yambwa -li-. Hiki cha pili chaweza kuachwa. Cha kwanza hakiachwi. Mazoea hayo hayo ndiyo yanayomfanya mwanafunzi aandike «the guests whom I invited them», akibeba -wa- ya «wageni niliowaalika» hadi katika Kiingereza.

Hapa ndipo mada mbili za makala haya zinapoungana. Katika Kiswahili sanifu kirejeshi huingia ndani ya kitenzi chenye -li-, -na- au -taka-, lakini hakiingii penye -me-. Anayetaka utimilifu na urejeshi kwa pamoja hana budi kutumia neno zima: «shamba ambalo amelinunua». Neno hilo lina mzizi wa kitenzi cha kale «kuamba», yaani kusema, ambacho alama yake imebaki pia katika «kwamba». Pale ambapo Kiingereza chaweza kunyamaza kabisa, Kiswahili hulazimika kutamka neno ambalo hapo awali lilikuwa neno la kunena.

4.0 Shamba la Ngong

Blixen alifika Afrika Mashariki mwaka 1914, akaliendesha shamba mwenyewe kuanzia mwaka 1921, na akaondoka mwaka 1931 baada ya biashara kuanguka. Kitabu alikiandika alipokuwa amerejea Denmark. Sentensi yake ya kwanza, inayojulikana mno, imejengwa juu ya kitenzi cha kumiliki katika wakati uliopita sahili. Blixen hakuchagua hali timilifu. Uteuzi huu huifunga hesabu: umiliki ulikuwapo, umekwisha, na msomaji anaalikwa kuomboleza mwisho wake. Swali la jinsi ulivyoanza halipati nafasi.

Historia ya ardhi hiyo haikufungika kwa urahisi kama sentensi hiyo. Kisheria shamba lilikuwa la Karen Coffee Company, kampuni ambayo wanahisa wake walikuwa hasa jamaa za Blixen. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 iliihesabu hata ardhi iliyokaliwa na Waafrika kuwa mali ya mfalme wa Uingereza, na uamuzi wa mahakama wa mwaka 1921 ukawafanya Waafrika wapangaji wanaoweza kuondolewa kwa hiari ya serikali. Upande wa pili wa vilima, ambako leo ni Kaunti ya Kajiado, ilikuwa hifadhi ya kusini ya Wamaasai. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaahidi Wamaasai kwamba mipaka yao ingedumu maadamu kabila lao lipo. Mwaka 1911 mkataba mwingine uliwaondoa wale wa Laikipia na kuwapeleka kusini. Walipodai haki mahakamani mwaka 1913, katika kesi ya Ole Njogo, walijibiwa kwamba mikataba hiyo ilikuwa ya kidola, hivyo haikuwa chini ya uwezo wa mahakama hizo.

Wakikuyu walioishi shambani kama maskwota hawakuruhusiwa na sheria kumiliki ardhi hiyo. Kwa kitenzi «have», basi, hawakuwa na chochote. Kwa «kuwa na» ya Kiswahili hali ni nyingine: walikuwa nalo shamba, kwa maana ya kukaa pamoja nalo, kulilima na kuzaliwa humo. Blixen mwenyewe hakukosa kuliona jambo hili. Kabla ya kuondoka aliisihi serikali iwahamishe maskwota hao wakiwa pamoja, wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Katika kitabu anakiri kwamba anayewanyang'anya watu ardhi yao huwanyang'anya pia mambo yao yaliyopita.

Kitabu hicho kinatoa pia kisa kimoja kuhusu nguvu ya kitenzi kilichoandikwa. Barua ya Kiswahili ilisema kwamba mwandikaji amempika nyani. Blixen alimweleza aliyeandikiwa kwamba bila shaka nyani alikamatwa, kwa kuwa vitenzi hivyo viwili vinafanana. Mwenye barua alikataa katakata: kilichoandikwa ndicho kilichotendeka. Blixen anakisimulia kisa hiki kama kichekesho kuhusu wasiojua kusoma. Lakini mikataba, hati na hukumu za mahakama zilikuwa zikifanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

5.0 Pingamizi na hitimisho

Yaweza kupingwa kwamba udondoshaji wa kirejeshi hauna hatia yoyote: kila msemaji wa Kiingereza huufanya mara nyingi kwa siku, awe anazungumzia shamba au kikombe cha chai. Pingamizi hili ni la kweli, na makala haya hayadai kwamba sarufi ya lugha ni njama. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Moving the Centre (1993), alimshtaki Blixen kwa taswira zake, hasa jinsi anavyowafananisha wafanyakazi wake na wanyama. Shtaka hilo linasimama bila kuhitaji ushahidi wa sarufi.

Sarufi inaongeza jambo lingine. Taswira huonekana, kiungo kilichodondoshwa hakionekani, na ndiyo sababu hupita bila kuhojiwa. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kukipita. Lazima aamue kama shamba ni «alilolinunua», «alilopewa» au «alilokuwa nalo», na kama tendo limekwisha au hali yake ingalipo. Huko Kitengela, ambako shamba la pamoja la wafugaji liligawanywa kuwa vipande vya watu binafsi mwaka 1988, uamuzi wa namna hiyo si zoezi la darasani. Kipande «kilichouzwa» na kipande «ambacho kimeuzwa» vyaweza kuwa kipande kimoja, lakini umbo la pili linamkumbusha msikilizaji kwamba matokeo ya mauzo hayo bado yapo mbele yake. Mhakiki anayefundisha Out of Africa katika vyuo vya Afrika Mashariki angefanya vyema kuanza kwa kuwataka wanafunzi wakifasiri vishazi vyake vya umiliki, kimoja kimoja, kabla ya kuwauliza wanakionaje kitabu.