Utani wa mauti: Kicheko na kilio katika mazishi ya Abagusii

UTANI wa mauti ni mizaha inayohusu kifo, kaburi na maisha ya ahera. Katika fasihi simulizi hujitokeza ndani ya methali, nyimbo za matangani na malumbano ya watani. Miongoni mwa Abagusii wa kaunti za Kisii na Nyamira, mizaha ya aina hii huongozwa na kanuni za ukoo na rika.

Wenye ruhusa ya kutania

Mahusiano ya jadi ya Abagusii hutawaliwa na chinsoni, yaani kaida za staha baina ya vizazi vinavyofuatana. Baba na mwana hawataniani, wala mkaza mwana na baba mkwe. Babu na mjukuu, kinyume na hao, huruhusiwa kutaniana hata kwa maneno yasiyotamkwa mbele ya wazazi. Watu wa rika moja nao wana uhuru huo. Mwanaanthropolojia Philip Mayer alichapisha makala kuhusu mizaha yao mwaka 1951.

Mpangilio huu hufika hadi kaburini. Kwa desturi mwanamume huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake, na mwanamke upande wa kushoto. Anayependelewa kuchimba kaburi la mzee ni mjukuu wake, mtoto wa mwanawe. Kwa hiyo anayeshika jembe ni yule yule aliyekuwa na haki ya kumcheka marehemu alipokuwa hai.

Ahera iliyo karibu

Katika imani ya kale, wafu hawaendi mbali. Roho zao, ebirecha, zikiudhika huweza kuleta maradhi na kuangamiza mifugo na mimea. Aidha, marehemu mpya huhofiwa kuwa na hasira ya kufa, hivyo hutulizwa kwa kafara. Robert LeVine, aliyeanza utafiti wake Gusii katika miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1982 makala kuhusu maana ya uhai na kifo katika mazishi hayo. Kwa mtazamo huo, anayemtania marehemu humsemesha mtu anayeaminika kuwa angali anasikia.

Kuenea kwa Ukristo, hususan Kanisa Katoliki na la Waadventista Wasabato, kumeingiza tenzi na mahubiri matangani. Hata hivyo, muziki wa jadi haujatoweka. Obokano, ala kubwa ya nyuzi 8 yenye sauti nzito, ni jamaa ya nyatiti ya Waluo na litungu ya Wabukusu. Wapigaji wake husifu, huonya na kukejeli.

Kwingineko

Nchini Tanzania, watani wa makabila kama Wanyamwezi na Wazaramo wamejulikana kuingia msibani na kufanya vituko. Mtani aweza hata kulala ndani ya kaburi na kukataa kutoka hadi alipwe. Ugenini, kundi la Mecano la Uhispania lilitoa mwaka 1986 wimbo "No es serio este cementerio", unaochekesha kuhusu wafu wa makaburini. Peret, mwimbaji wa rumba ya Katalunya, alivumisha "El muerto vivo", kisa cha mtu aliyedhaniwa amekufa kumbe alikuwa kwenye starehe.

Mzaha unapokoma

Tofauti kubwa ni kwamba, katika Gusii, kifo mara nyingi kimetafutiwa mkosaji. Zamani maiti ilipasuliwa kabla ya kuzikwa ili kubaini kama uchawi ndio uliosababisha kifo. Tuhuma hizo zimeleta maafa. Mnamo Mei 2008, watu 11, wengi wao wakongwe, waliuawa kwa kuchomwa moto wilayani Kisii wakidaiwa kuwa wachawi. Mnamo Oktoba 2021, wanawake 4 wazee waliuawa eneo la Marani kwa madai kama hayo.

Hapa ndipo kanuni za utani zinapoonyesha uzito wake. Mjukuu humtania babu yake, na wanarika hutaniana wenyewe kwa wenyewe: anayelengwa hujulikana, naye hana sababu ya kulipiza. Neno la kumsingizia jirani halimo katika ruhusa hiyo, hata likisemwa kwa kicheko. Mkongwe anayetajwa hivyo matangani hana mtani wa kumtetea, na waombolezaji wanaotawanyika jioni huenda wakalibeba neno hilo hadi mlangoni pake.