Somo la Historia: Miti Tuliyoikuta Kiwanjani

Historia ya leo haimo vitabuni tu. Imesimama nje ya mlango wako. Ni habari ya miti ya Katavi.

Wazee husimulia kwamba Katabi alikuwa mwindaji mashuhuri, na kwamba roho yake hukaa katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi. Watu wamekuwa wakipeleka sadaka chini ya mkwaju huo. Mti wenye heshima namna hiyo hauguswi na shoka. Hivyo, kabla Hifadhi ya Taifa ya Katavi haijaundwa mwaka 1974, wenyeji walikwisha kujua kuhifadhi.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 reli ilijengwa kutoka Kaliua mpaka Mpanda, kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mji ukakua. Nasi watu wa mijini tuna desturi moja: hufyeka kiwanja chote, kisha tukapanda miti ya mapambo. Mkrismasi asili yake ni Madagaska. Jakaranda ni Amerika ya Kusini. Ni mizuri, hatuikatai. Lakini mninga ulikuwapo kabla yao. Hutoa maua ya manjano mwisho wa kiangazi, mvua za Novemba hazijashika. Miombo nayo huvaa majani mapya mekundu wakati huo huo, bila kumwagiliwa hata debe moja.

Mbona basi hatuioni bustanini? Sikiliza kwa makini. Mche wa mninga hukauka juu kila kiangazi, kwa miaka kadhaa, huku mizizi ikijijenga chini. Mwenye haraka huung'oa akidhani umekufa. Mwenye subira huona siku moja shina limepanda, halirudi tena chini.

Kwa hiyo, ukipata kiwanja, usifyeke kwanza, tazama kwanza. Weka alama kwenye machipukizi. Palilia nyasi kuyazunguka ili moto wa kiangazi usiyafikie, wala usiyahamishe, kwani mninga hauhamishiki kwa urahisi. Mininga mikubwa hukatwa mbao kila siku. Tusipotunza michanga, watoto wetu wataujua mninga kwa kitanda tu.

Kazi ya juma hili: mwulize mzee majina ya miti mitano iliyo karibu na nyumba yako, na matumizi yake. Andika katika daftari lako, ulisomee kundi lako. Kwaherini.